Hesabu kutoka Arobaini Kurudi Nyuma

Erie, Pennsylvania
2 Machi

Mama Imani mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Imani na watoto. Barua yako nimeipata. Umeniuliza utawezaje kumaliza mwaka wa masomo nyumbani huku unatarajia kujifungua 15 Mei. Jibu langu ni kwamba usianze kuhesabu leo kwenda mbele. Anza na arobaini. Kutoka 15 Mei siku arobaini zinaishia 24 Juni, na cheti cha mtathmini, yaani yule anayekagua masomo ya watoto mwisho wa mwaka, kinatakiwa kimfikie msimamizi mkuu wa wilaya yenu ya shule kabla ya 30 Juni. Zinabaki siku sita. Mzazi aliyetoka uzazini hawezi kukusanya kazi za mwaka mzima kwa siku sita, na mtoto akichelewa wiki moja hata hizo hazipo.

Kwa hiyo lenga kuwa na siku 170 kati ya 180 ifikapo mwisho wa Aprili. Umesema daftari lako linaonyesha 128. Wiki nane za siku tano zinakupa 168, ongeza Jumamosi mbili. Jumamosi inahesabika kama siku yoyote, maana sheria ya Pennsylvania inataka siku 180, au saa 900 kwa watoto wa madarasa ya chini, wala haisemi ziwe Jumatatu hadi Ijumaa. Chagua kuhesabu siku, achana na saa. Anayehesabu saa huishia kubishana na saa ya ukutani, na mwezi wa mwisho wa mimba si wakati wa ubishi huo. Siku kumi zitakazobaki ni za Juni, na zinaweza kuwa za kusoma vitabu kitandani kwako, watoto wakisoma kwa sauti wewe ukinyonyesha.

Mtathmini mtafute wiki hii. Juni wote wamejaa. Awe na sifa zinazotajwa na sheria, kwa mfano mwalimu mwenye leseni ya jimbo na uzoefu wa miaka miwili wa kufundisha. Mwombe miadi ya wiki ya mwisho ya Aprili na umwambie wazi kuwa siku kumi zitakamilika baadaye. Wengine hukubali kukagua mapema na kutia saini ukishawatumia kurasa zilizobaki. Wengine hukataa, na hao ni bora uwajue sasa. Lazima azungumze na watoto pia, kwa hiyo usipange miadi saa ambayo yule wa darasa la pili huwa amechoka.

Jalada lenyewe la kumwonyesha mtathmini halihitaji urembo. Linataka daftari la kumbukumbu lililoandikwa siku kwa siku, lenye majina ya vitabu mlivyotumia, pamoja na mifano ya kazi za mtoto. Kwa kila somo toa karatasi tatu tu: ya Septemba, ya Januari, ya Aprili. Maendeleo yanaonekana hapo hapo. Hesabu na kuandika hakuna anayesahau. Wanachosahau watu ni muziki, mazoezi ya mwili, historia ya Pennsylvania, na usalama wa moto, ambao umetajwa waziwazi katika sheria kama somo la kila mwaka. Jioni moja ya kuchora ramani ya nyumba yenye njia mbili za kutokea kila chumba, kujaribu king'ora cha moshi, na picha ya watoto wamesimama mahali mlipokubaliana kukutana nje, inatosha kuanzia. Iandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Imani yuko darasa la tano, basi usisahau mtihani sanifu. Hutakiwa madarasa ya tatu, ya tano na ya nane, na mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe. Wengi wanaligundua hili Mei. Ikiwa hujamwandikisha mahali, hiyo ndiyo simu yako ya kwanza kesho asubuhi. Mdogo wa miaka 4 hahusiki na lolote kati ya haya. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 6 halazimiki kuingizwa kwenye kiapo, ile hati ya kusomesha nyumbani unayoipeleka wilayani kila mwaka, na ukimwandikisha mapema unajiongezea karatasi bure.

Sasa kliniki. Uko wiki ya 29 na kidogo. Hadi wiki ya 36 mara nyingi watakuita kila baada ya wiki mbili, kisha kila wiki, ambayo ni kama safari nane kabla ya kujifungua. Kila safari inakula nusu siku. Andaa mkoba usiofunguliwa nyumbani kabisa: kitabu kimoja kila mtoto, kadi za kujumlisha, penseli zilizochongwa, karanga au matunda. Ule ukikaa mlangoni, siku ya kliniki inabaki siku ya shule. Ukifunguliwa nyumbani utaukuta na penseli moja isiyo na ncha. Chanjo ya pepopunda na kifaduro hutolewa kati ya wiki ya 27 na 36, kwa hiyo iulizie safari ijayo. Kipimo cha bakteria wa streptokoka wa kundi B huwa wiki ya 36 au 37, yaani nusu ya pili ya Aprili. Kuhesabu mtoto anavyocheza mpe Imani: wewe lala ubavu, yeye aandike saa ya kuanza na saa ya teke la kumi. Wengi hufika kumi ndani ya saa mbili. Akichora grafu ya wiki mbili, hilo ni somo la afya na hesabu kwa pamoja. Lakini mtoto akipunguza kucheza, au ukipata kichwa kikali, kuona maluweluwe, uso kuvimba, damu au maji, hapo somo limekwisha. Piga simu kliniki muda huo huo.

Bustani nayo itakuita, maana jua la Machi huko Lancaster linadanganya. Mwaka huu panda njegere na sukuma wiki tu. Njegere zinavumilia baridi. Chukua konzi ya udongo uminye: ukibaki donge kama tonge la ugali, subiri, ukimomonyoka, panda, kina cha sentimeta 2.5, umbali wa sentimeta 5. Kupanda kwenye udongo wenye maji baridi ndiko kunakoozesha mbegu, watu wakalaumu duka. Miche ya sukuma wiki hutoka nje Aprili, ikiachiana sentimeta 45. Nyanya na mchicha vinataka joto, na jalidi huko inaweza kurudi hadi Mei, wiki ile ile ya uchungu wako. Baba Imani anunue miche minne ya nyanya mwishoni mwa Mei, basi.

Nyumba yenu ni ya zamani. Zilizojengwa kabla ya 1978 mara nyingi zina rangi yenye madini ya risasi, nayo hudondokea udongo wa kando ya ukuta. Usilime hapo, na wewe vaa glavu popote. Maabara ya chuo kikuu cha Penn State hupima udongo ukiutuma kwa posta.

Jambo la kupe usilichukulie kwa wepesi. Yule mchanga anayetoka Mei ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na ndiye anayeeneza sana ugonjwa wa Lyme. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala usimchome. Nguo zianze kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika 10, ndipo zifuliwe, kwa sababu maji ya vuguvugu hayamuui. Akikuuma wewe, andika tarehe na piga simu kliniki, kwani dawa wanayoizoea wengi huwa haipewi mjamzito kirahisi.

Friza ijazwe Aprili. Kilo 2 za maharage makavu hutoa kama kilo 5 zilizoiva, ambazo ni mifuko sita ya chakula cha jioni. Ilaze mifuko bapa ili iyeyuke haraka. Tui liongeze siku ya kula, kwa sababu likigandishwa linakatika. Kiti cha gari cha mtoto kifungwe kabla ya wiki ya 36: kikivutwa pale mkanda unapopita kisisogee zaidi ya sentimeta 2.5, na kama ni cha kuazima soma kwanza tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye plastiki.

Kiapo cha mwaka ujao kinatakiwa 1 Agosti. Usikiguse sasa.

Nijulishe ukishapata mtathmini. Unga wa ulezi wa uji nitauleta mwenyewe mwishoni mwa Mei, kilo tano, kwa hiyo usinunue.

Akupendaye,
Mama Zawadi