Mafua ya uwanjani hayaishii uwanjani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu maambukizi viwanjani imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anatuambia tusiwe na hofu kwa kuwa uwanja uko wazi na upepo unapita. Huyo bila shaka anaingilia mlango wa waandishi. Sisi wengine tunabanwa getini kifua kwa mgongo, kila mtu akimpumulia mwenzake kisogoni, na mechi ikiisha tunashindiliwa kwenye mabasi yaliyofungwa madirisha. Upepo gani unapita hapo?

Mechi ya mwisho niliyokwenda na mwanangu, mtu wa kiti cha jirani alikuwa anatetemeka ndani ya koti na jua linawaka. Alikohoa kipindi chote cha kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakubaki kitandani, akanionyesha tiketi: "Hairudishwi hii, ndugu yangu." Bao lilipoingia alimkumbatia mwanangu, akampa na vuvuzela lake apulize, nami nilikuwa bado nashangilia. Siku ya tatu mtoto ana homa. Wiki haijaisha, mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, amelazwa kwa nimonia. Siku 11 nimekaa pembeni ya kitanda chake nikihesabu pumzi zake.

Wala msiseme ni bahati yangu mbaya. Mwaka 1991, kwenye michezo ya Special Olympics huko Minneapolis, Marekani, surua ilisambaa hewani ndani ya uwanja wenye paa, ikawapata hata watazamaji waliokaa jukwaa la juu. Februari 19, 2020, maelfu kwa maelfu ya watu wa Bergamo, Italia, walikwenda Milan kuiona timu yao ya Atalanta ikicheza na Valencia ya Hispania. Mwezi haukupita, malori ya jeshi yakawa yanahamisha majeneza ya waliokufa kwa korona kutoka Bergamo.

Na vyoo je? Bomba kavu, sabuni hakuna, watu wanatoka humo moja kwa moja kwenda kula kwa mikono. Mabango ya matangazo lakini hubadilishwa kila msimu.

Wanaouza tiketi waandike nyuma yake jambo moja: mwenye homa akipiga simu kabla mageti hayajafunguliwa, arudishiwe pesa yake yote, bila kudaiwa cheti cha daktari. Yule bwana wa koti angebaki kwake.

Msomaji wenu wa siku nyingi