Darubini ya kioo ya kwanza: tazama kipenyo na stendi, achana na "mara 675"

Swali la kwanza la wateja wengi wa darubini za kioo, zile zinazokusanya mwanga wa nyota kwa kioo badala ya lenzi, ni "inavuta mara ngapi?" Jibu ni hesabu tu: gawanya urefu wa fokasi ya kioo, yaani umbali kutoka kiooni hadi mwanga unapokutana, kwa milimita za lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Chukua darubini ya 114/900, yaani kioo cha kipenyo cha milimita 114 na fokasi ya milimita 900. Lenzi ya milimita 4 inakupa mara 225. Ongeza Barlow ya mara 3, lenzi ya kati ya kuzidisha ukuzaji, iliyotupiwa ndani ya boksi, na hiyo ndiyo 675 iliyoandikwa kwa rangi nje. Hesabu haina kosa, ila picha hakuna. Kioo kizuri hakivumilii zaidi ya takriban mara mbili ya milimita zake, na usiku mwingi hewa yenyewe inakukatia kwenye mara 150 hadi 200. Ukilazimisha, Zohali inageuka doa la kijivu linalocheza.

Kinacholipiwa ni kipenyo. Kioo cha 150 hukusanya mwanga mara 1.7 ya kile cha 114. Cha 200 hukusanya mara 3. Chini ya milimita 100, kwa maoni yetu, heri pesa hiyo ununue darubini nzuri ya macho mawili ya 10x50, yaani inayovuta mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50.

Kuna mtego mmoja wa kukagua kwa futikamba. Kwenye darubini ya kioo ya kawaida, bomba hukaribiana na urefu wa fokasi. Ukiona imeandikwa fokasi milimita 1000 na bomba halifiki hata nusu mita, ujue kuna lenzi ya ziada imefichwa kwenye shingo ya fokasa, sehemu unayoizungusha kunoa picha, ili kurefusha fokasi. Vioo vya darubini hizo ni taabu kuvilinganisha, yaani kuviweka vielekeane sawasawa, na anayeanza ndiye asiyeweza kujua kwa nini picha haitulii. Pima pia tundu la lenzi ya jicho: liwe la inchi 1.25. Likiwa la inchi 0.965, lenzi za kubadilisha utazitafuta mpaka uchoke.

Sasa stendi, na hapa ushauri wa video za Ulaya na Marekani unawapotosha watu wa huku. Stendi ya ikweta, ile yenye uzani wa chuma upande mmoja, inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na mwinuko wa ncha hiyo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. London ni nyuzi 51. Dar es Salaam ni karibu 7, Mombasa 4, Nairobi moja na kidogo. Kwa hiyo mhimili unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki hivyo, na zikishuka, fimbo ya uzani inagonga miguu ya stendi. Hata ncha yenyewe huioni: iko nyuma ya nyumba ya jirani.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza stendi ya Dobson, sanduku la mbao linalozunguka chini na kuinama juu. Hakuna cha kupanga. Unasukuma kwa mkono. Ya 150/1200 ndiyo tunayoitaja kwanza kwa mwenye uwanja au paa la zege. Ya 200/1200 inaonyesha zaidi, lakini inapita kilo 20, na ngazi za ghorofa ya tatu hazisamehe. Anayekaa chumba kimoja achukue ya mezani, 130/650, akiiweka juu ya stuli nzito. Meza ya plastiki itatikisika kila ukigusa fokasa.

Lenzi za milimita 25 na 10 huja na darubini nyingi. Kwenye 150/1200 hizo ni mara 48 na 120: pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii unaipata. Nunua kwanza ya milimita 32 kwa ajili ya Kilimia na mawingu ya nyota ya kusini, kisha Barlow ya mara 2. Kilengeo cha nukta nyekundu, kile cha kuelekezea darubini kwenye nyota, ni cha lazima. Kizime ukimaliza, maana betri ya CR2032 haimalizi wiki kikisahaulika kinawaka. Seti za vichujio vya rangi zisubiri.

Kifaa ambacho wateja hukipuuza ni kifuniko cha kulinganishia vioo, chenye tundu dogo katikati. Darubini ikisafirishwa kwa basi, vioo huhama. Chungulia tunduni. Kwanza, kwa skrubu tatu ndogo za kioo kidogo cha mbele, fanya kioo kikuu, kile cha chini ya bomba, chote kionekane na alama yake ikae katikati. Kisha nenda nyuma ya bomba, legeza skrubu za kufungia, na zungusha zile tatu za kurekebisha, robo mzunguko kila mara, mpaka tundu unalochungulia lionekane ndani ya alama. Funga taratibu, ukikaza kwa nguvu, kioo kitahama tena.

Wakaao pwani wana adui mwingine, unyevu wenye chumvi. Weka vifuko vya silika jeli ndani ya bomba na ufunike ncha zote mbili, ila umande ukauke kwanza. Vumbi kidogo halina madhara. Usifute kioo kwa kitambaa, utakikwaruza.

Jua halitazamwi bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo mzima wa bomba. Vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto ghafla, jicho likiwa hapo hapo. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua, na Kenya na Tanzania wataona sehemu yake. Anayekusudia kutumia darubini siku hiyo akague kichujio chake mbele ya taa kali, na chenye hata kitundu kimoja kitupwe. Kilengeo nacho, kama ni cha lenzi, king'olewe kabisa.