Mama, Majibu Yenu Nimeyatupa

Leeds, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Natumai barua hii itawakuta mu buheri wa afya, wewe na Bibi na Ami na wadogo zangu wote hapo Majengo, Mombasa. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea. Ningeweza kutuma sauti kwa simu, lakini jambo hili nataka mlisome polepole, na Ami amsomee Bibi, maana lina kuomba radhi ndani yake.

Mwakumbuka yale maswali ya utafiti wangu, kuhusu programu ya simu ya kuweka hesabu ya madeni, niliyowatumia kwa WhatsApp mwezi wa Rajabu, nikakuomba uwapelekee kina mama wenzio wauzao mahamri na mbaazi kutoka hapo hadi Mwembe Tayari? Watu 31 walinijibu. Nilifurahi mpaka nikapika pilau. Kesho yake nikayafungua mbele ya msimamizi wangu. Kila swali lilikuwa na ngazi tano, kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", mtindo alioubuni Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932 na ambao sisi wanafunzi twaukimbilia hadi leo kwa sababu ni mwepesi kuhesabu. Watu 29 walikuwa wamejaza "nakubali kabisa" kutoka swali la kwanza hadi la mwisho. Msimamizi akavua miwani, akaniuliza, "Hawa wanakujua?"

Nikamwambia wengine wamenibeba mgongoni.

Basi majibu hayo nimeyatupa, Mama. Sisemi mmenidanganya. Najua ilivyokwenda: jirani kapokea maswali, kakuuliza, "Mtoto ataka nijibu vipi?" nawe ukamwambia jaza kubali, asije akafeli ugenini.

Na kosa ni langu tangu mwanzo. Swali la nne liliuliza: "Je, programu ya simu ya kuweka hesabu ya madeni itakuwa rahisi na yenye manufaa kwako?" Hayo ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. Kitu chaweza kuwa rahisi na kisikufae, au kikakufaa na kikakutoa jasho. Fred Davis aliyatenganisha mambo hayo mawili mwaka 1989, alipoeleza kwa nini watu hukubali au hukataa teknolojia. Makala yake niliisoma mara tatu, nikaifupisha vizuri kabisa, kisha nikaenda kuyabandika tena pamoja. Halafu programu yenyewe haikuwapo! Nimewauliza watu ladha ya chakula ambacho hakijapikwa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba jawabu nilikuwa nalo nyumbani. Lile daftari lako la madeni lililofungwa kwa mpira, kalamu imening'inia kwa uzi, kurasa zimeingia mafuta na harufu ya iliki. "Mke wa fundi, 6." "Yule wa Makupa, 4." Akilipa, wapiga mstari. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tumekaa jikoni kabla ya alfajiri, akaja mtoto wa yule mama aliyekuwa edani. Ukamfungia mahamri manane na mbaazi, daftari ukaliacha palepale. Nikakuuliza mbona huandiki. Ukasema, "Deni la mwenye msiba haliandikwi," ukaendelea kukaanga.

Sasa fikiria programu yangu, inalia kila asubuhi kumkumbusha mama aliye edani kwamba anadaiwa mahamri manane.

Kwa hivyo nimebadilisha swali. Lile la kwanza, eti programu itaboresha vipi uwekaji wa madeni, lilikuwa limeshajijibu lenyewe. La sasa ni hili: wauza vyakula wadogo huandika madeni gani, huyaacha yapi, na kwa nini? Ami ataguna: tulikupeleka kusomea kompyuta, sasa wasomea mahamri? Ami, subira. Kutengeneza programu kwenyewe ni utafiti. Mtafiti Hevner na wenzake waliliandikia hilo mwaka 2004 na walimu wetu wanalitaja kila wiki. Lakini sharti nionyeshe kwanza kwamba tatizo lipo kweli, kisha nikipime kifaa kwa wanaokitumia. Nikianza kuandika programu leo, nitatatua tatizo langu mimi.

Huku tumefundishwa pia kanuni ya Yamane, ya kujua uwahoji watu wangapi: wakiwa watu 400, nawe waridhia kukosea kwa asilimia 5, chukua 200. Nzuri sana, ila yataka kwanza uwe na hiyo 400. Nani amewahi kuwahesabu wauza mahamri wa Mombasa, na wengine hufunga jiko Ramadhani wakati wengine ndio kwanza wanaanza? Nitaanza na mmoja, anielekeze kwa mwenziwe, naye kwa mwenziwe. Vitabuni njia hiyo huitwa mpira wa theluji. Theluji nimeshaiona, mimi ningeiita njia ya umbea.

Nitakuja nikishapata ruhusa ya kamati ya maadili ya hapa chuoni na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, huko nyumbani. Kila mama nitamsomea fomu ya ridhaa kabla ya kumuuliza neno, na akikataa, nitakunywa chai yake niondoke. Wewe Mama hutakuwamo. Msimamizi anasema mwana hamhoji mamake akaandika yasiyompendeza, nami nikijitazama naona kweli. Utaingia ukurasa wa shukrani, huko hakuna kamati.

Kwa jirani niombee radhi, umwambie nikija asinihurumie. Akiona programu ni upuuzi, aseme upuuzi.

Nakubusu mkono, na Bibi pia.

Mwanao

Tena: mdogo wangu wa mwisho alinitumia picha ya kurasa za daftari, akidhani ananisaidia. Mle mna majina ya watu na wanayodaiwa, na wenyewe hawakuulizwa; tangu 2019 hata sheria ya Kenya inazilinda habari kama hizo. Mimi nimeifuta. Naye aifute kwenye simu yake, na asimtumie mtu mwingine.