Barua kwa dada yangu anayelilia Choco Taco

Shikamoo dada. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye grupu la familia ukishaanza habari za ile aiskrimu ya Choco Taco watu wote kimya, na najua hauko peke yako, wapo wengi huko Marekani wanaililia mpaka leo. Klondike waliacha kuitengeneza Julai 2022, wakasema bidhaa zao zinatakiwa sana kwa hiyo imebidi wachague za kubaki nazo, na wewe miaka yote hii bado unachungulia friza za vituo vya mafuta. Acha bana, tengeneza yako.

Kwa wasioijua, ni aiskrimu ya vanila yenye michirizi ya chokleti, imejazwa kwenye ganda la koni lililokunjwa kama taco, ule mkate mwembamba wa Wameksiko unaokunjwa katikati ukajazwa, juu imechovywa chokleti na karanga. Aliyeibuni ni Alan Drazen, hapohapo Philadelphia unapokaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa kampuni ya aiskrimu ya Jack & Jill, na hoja yake ilikuwa ya maana kweli: koni ya kawaida karanga na chokleti vyote vinaishia juu, ukishuka unabaki na koni na aiskrimu inayokuchuruzikia mkononi, ila hii popote utakapong'ata unapata kila kitu. Ndio maana mi nasema siri ni lile umbo. Ladha yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, usinikasirikie.

Haya shika kalamu. Ute wa mayai 2, sukari nusu kikombe, siagi ya kuyeyusha vijiko vikubwa 3, maziwa vijiko vikubwa 3, unga wa ngano theluthi mbili za kikombe, vanila na chumvi kwa mbali. Koroga uwe mwepesi kama wa chapati za maji. Kikaango kisichoshika, moto mdogo kabisa, tandaza nyembamba upana wa kisahani. Usiharakishe hapa, ukiitoa ingali nyeupe itanyong'onyea ikipoa, isubiri iwe kahawia pande zote mbili. Ikishatoka una sekunde chache tu, maana sukari ikipoa inakaza na ukilazimisha kukunja inapasuka, kwa hiyo ule mti wa kusukumia chapati uwe tayari mezani, itupie juu yake, ishikilie na taulo maana inaunguza, hesabu polepole mpaka kumi, toa.

Wengi wanashauri upake chokleti ndani ya ganda kabla ya kujaza, unyevu usiingie, libaki linakatika kwa sauti. Sawa, ni tamu. Lakini dada sema ukweli, ile ya dukani ilikuwa inakatika? Ganda lilikuwa laini limeshaloa! Kama unaitaka ileile, usipake, jaza tu ulaze kwenye friza siku mbili litalainika lenyewe.

Aiskrimu nunua, hatushindani na mtu. Iache ilegee, zungushia sosi ya chokleti mara moja mbili usije ukaichanganya yote ikawa kahawia, jaza, rudisha friza igande haswa. Afu yeyusha chokleti gramu 200 na mafuta ya nazi vijiko vikubwa 2. Haya mafuta chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, ndio maana ukichovya tu inakaza huku unaiangalia, ila iache ipoe iwe vuguvugu kwanza la sivyo aiskrimu yote inaishia kwenye bakuli. Karanga ziwe zimeshakaangwa na kupondwa, na mtu wa pili awepo wa kunyunyiza, maana ukichovya afu ndo ugeuke kuzitafuta zitadondokea mezani zote.

Na shemeji si ana mzio wa karanga? Yake mwagie ufuta, na uichovye ya kwanza kabisa kabla karanga hazijasogea karibu na lile bakuli.