Barua ya wazi kwa mkuu wa idara ya maafa: wimbi la kwanza sio mwisho

Mheshimiwa, salamu na heshima zako. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa, na la juzi limenimaliza uvumilivu.

Juzi tetemeko limepiga mbali huko baharini, tahadhari ya tsunami ikatoka, tukapanda juu. Mama yangu miguu haimbebi, nilimtia mgongoni mpaka kwenye uwanja wa shule, magoti yanauma hadi leo. Bahari ikapanda kidogo tu pale kwenye gati halafu ikarudi, na hata nusu saa haijafika gari la idara yako lenye spika likapita linatangaza hatari imekwisha rudini majumbani. Watu wakashuka. Vijana wakaenda mpaka kwenye mchanga kuokota samaki maana maji yalikuwa yamepwa kupita kawaida na wala haikuwa saa ya kupwa! Namshukuru Mungu hayakurudi kwa nguvu, ila nauliza, nani aliwaambia yamekwisha?

Mheshimiwa, tsunami si wimbi moja. Sakafu ya bahari ikiinuka au ikishuka kwa ghafla inasukuma maji yote yaliyo juu yake, toka chini mpaka juu, na msukumo huo unasambaa. Ukikung'uta mkeka upande mmoja mkunjo unakimbia mpaka ncha ya pili, mkeka wenyewe hauendi popote, ndivyo ilivyo. Kwenye kina cha kilomita 4 unakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, kasi ya ndege, na huko wimbi halifiki hata mita moja, aliye melini hajui kitu kimepita. Likikaribia pwani mbele linapunguza mwendo kwa sababu kina kimepungua, nyuma bado linakuja mbio, maji yanarundikana yanapanda. Halafu linafuata lingine, na lingine, pengine baada ya dakika 10, pengine baada ya saa nzima. Na mara nyingi la kwanza silo kubwa.

Mji wa Hilo, kule Hawaii, mwaka 1960 waliyaona haya. Tetemeko lilipiga Chile, mawimbi yakasafiri kama saa 15, ving'ora vikalia mapema kabisa. La kwanza lilikuwa dogo, wapo waliorudi nyumbani, la tatu ndilo lililoua, watu 61. Na 2004 mawimbi ya tetemeko la Sumatra, kule Indonesia, yalivuka bahari nzima yakaja kuua watu Somalia baada ya masaa kama 7. Masaa 7 mheshimiwa, mtu anatembea kwa miguu anafika mbali, kama kuna wa kumwambia. Simeulue, kisiwa kilichokuwa karibu kabisa na chanzo, wazee walishawafundisha watoto wao ardhi ikitikisika sana kimbilia juu usingoje, na waliokufa huko walikuwa wachache mno. Hawakuwa na king'ora.

Mimi nadhani wale wa kwenye gari hawakufundishwa, walipewa spika tu wakatumwa. Au kuna mkubwa aliona aibu watu wakae juu usiku kucha bila kitu kutokea. Sijui ni lipi ila vyote viwili ni vya ofisi yako. Uliposimama mbele yetu uliahidi mabango ya njia za kukimbilia na mazoezi mashuleni, bango hata moja sijaliona.

Sasa mama anasema safari nyingine hatoki ndani, eti mlisema wenyewe sio kitu. Nitamwambia nini?

Naomba jambo moja mheshimiwa. Msiturudishe chini kwa sababu wimbi moja limepita. Tuacheni juu, hata kama ni masaa mengi, hata kama tutalala njaa, mpaka wanaopima bahari waseme imetulia. Na aliyetoa ile amri ya juzi aje hapa atueleze kwa mdomo wake alipima nini, nani alimwambia, na kwa nini alituambia turudi.