Safari ya Jumamosi: Positano, Amalfi na Ravello

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Natumai nyote hamjambo.

Safari yetu ya siku moja katika pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, itakuwa Jumamosi, tarehe 14 Juni. Tutakutana Napoli, Piazza Garibaldi, mbele ya stesheni ya treni, saa moja kamili asubuhi, na tunatarajia kurudi saa mbili usiku. Gari letu ni la abiria wanane tu, kwa kuwa barabara ya pwani ni nyembamba na ina kona kali. Anayesumbuliwa na kichefuchefu safarini aniambie mapema ili nimwekee kiti cha mbele.

1. Mchango ni euro 85 kwa kila mtu, bila chakula cha mchana, na mwisho wa kulipa ni Jumatano, tarehe 11 Juni.
2. Vaeni viatu imara, maana Positano ni mji wa ngazi, na ufuko wake ni wa changarawe.
3. Watakaoingia kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, Amalfi, wafunike mabega na magoti.

Ravello tutafika alasiri. Mji huo uko juu mlimani, na kutoka bustani ya Villa Rufolo utaona kuba mbili za kanisa chini yako na bahari yote mbele. Naomba sana tusiharakishe hapo.

Tafadhali kila mmoja athibitishe kwa kuandika jina lake hapa kabla ya kesho saa tatu usiku, ili nafasi zitakazobaki wapewe wanaosubiri.

Asanteni sana.