Msiwafundishe watu kusugua sarafu za kale

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuandika neno, ila makala yenu ya sarafu za wenye maduka wa Marekani imenishinda. Historia mliipatia: vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wakafungia fedha majumbani mwaka 1862, chenji ikaadimika, wafanyabiashara wa New York na Cincinnati wakajigongea vipande vya shaba vya ukubwa wa senti, hadi sheria ya 1864 ikawazuia. Kilichoniudhi ni aya ya mwisho, mlipomshauri mwenye sarafu ya zamani aisugue kwa ndimu na majivu ing'ae kabla ya kuiuza.

Nani kawaambia? Siku chache baadaye kijana wa jirani kaniletea heller 20 ya Tabora ya 1916, sarafu ya enzi za koloni la Wajerumani, aliyoachiwa na bibi yake. Alishaipitisha waya wa kusugulia masufuria. Taji limebaki kivuli, na ile herufi T ya Tabora huioni mpaka uilaze kwenye mwanga wa dirisha. Mhariri, sarafu hizi Wajerumani walizigonga kwenye karakana ya reli kwa sababu manowari za Waingereza zilifunga pwani na fedha haikuingia. Waliyeyusha maganda ya risasi na shaba yoyote iliyopatikana. Kazi ilikuwa ya haraka, taji la hii halilingani na la ile, na tofauti hizo ndizo sisi wakusanyaji tunazozitafuta kwa lenzi. Ukisugua umezifuta, na hakuna wa kuzigonga tena: Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, kazi ikaishia hapo.

Na mkiandika habari za wenye maduka, wagusieni wa kwetu. Nikidai chenji ya shilingi mia napewa pipi. Lindenmueller, mwenye baa wa New York, alitoa sarafu zake zaidi ya milioni moja, kampuni ya reli ilipompelekea azibadilishe kwa fedha halali akakataa. Mimi nikirudi na pipi zilezile kununua chumvi, nakataliwa vilevile.

Chapeni sahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile: usioshe, usisugue, shika ukingoni, funga kwenye karatasi kavu. Na kila mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Tabora abandikiwe picha ya heller 20 kando ya mizani, ili chenye taji na D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani) kitolewe kabla gunia halijapakiwa.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tabora